Mavi ya chuma shambani: nini cha kweli katika ujumbe kwamba Wahaya ndio waliovumbua chuma cha pua?

Wiki mbili zilizopita msikilizaji wetu mmoja wa Bukoba Vijijini alitutumia picha tatu kwa simu. Alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, pembeni mwa kibanja, na kabla hajafika kiunoni jembe likagonga mawe meusi. Akayatoa kama ndoo mbili. Kisha akatuandikia: "Mawe haya ni mazito kama chuma na yana vitundu kama andazi. Je, ni madini? Nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu?"

Jioni hiyo hiyo, kwenye kundi moja la WhatsApp ambalo na sisi tumo, ukapita tena ule ujumbe ambao wengi wenu mmeshausoma. Unasema Wahaya wa Kagera ndio watu wa kwanza duniani kutengeneza chuma cha pua, miaka 2,000 kabla ya Wazungu, na kwamba Wazungu walipogundua hilo wakalificha. Chini yake kuna picha ya mzee anayevukuta tanuru, na maneno "sambaza kwa watu kumi".

Tumeona tuyaweke pamoja mambo haya mawili, kwa sababu jibu la swali la ndugu yetu mwenye shimo la choo ndilo linalotuonyesha ujumbe ule unasema kweli wapi na unatia chumvi wapi.

Tuanze na mawe. Yale si mawe, na si madini. Kiswahili kina jina lake tangu zamani: mavi ya chuma. Ni uchafu unaotoka kwenye mawe yenye chuma pale yanapochomwa kwenye tanuru ili chuma kipatikane. Yakipoa huwa meusi au ya kijivu, mazito, mahali pengine yanang'aa kama kioo, yana matundu ya hewa, na mara nyingi yana mikunjo kama uji uliomwagika ukagandia chini. Ukiyageuza unaweza kukuta alama za majani au za matete, kama vile mtu amebandika nyasi kwenye udongo mbichi. Mnunuzi wa vyuma chakavu hana shida nayo, maana chuma chenyewe kilishaondoka na aliyekihitaji. Wewe umeachiwa jalala la kiwanda.

Swali linalobaki ni hili: kiwanda cha nani, na cha lini?

Mwaka 1969 alifika Buhaya kijana mmoja Mmarekani, Peter Schmidt, akisomea akiolojia, yaani elimu ya kufukua mambo ya kale. Alitumia muda mwingi kukaa na wazee kuliko kuchimba. Walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17, na jinsi alivyoagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, mnara ukaanguka. Wakampeleka Katuruka, kwenye eneo la kasri la mfalme huyo, penye mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Jina hilo walimfafanulia kuwa ni mahali pa kufulia chuma.

Mtu mwingine angeandika hadithi ile kwenye daftari, akacheka kidogo na kuondoka. Schmidt alichimba pale wazee walipomwonyesha, mwaka 1970. Alitarajia kukuta mambo ya karne ya 17. Aliyakuta, lakini chini yake na kandokando yake akakuta mkaa, mavi ya chuma na vigae vya vyungu ambavyo vilikuwa vya zamani mno, vya zaidi ya miaka elfu moja kabla Rugomora Mahe hajazaliwa. Watu wa Katuruka walikuwa wamehifadhi kumbukumbu kwamba hapa palikuwa mahali pa chuma, na mfalme wa baadaye akaja kujipachika kwenye kumbukumbu hiyo, kama watawala wafanyavyo siku zote.

Vile vigae navyo vina habari yake. Ni vya aina inayoitwa Urewe, jina la mahali huko Siaya, magharibi mwa Kenya, ambako vilitambuliwa kwanza na kuandikwa kitabuni mwaka 1948. Ukingo wa chungu umekatwa pembe kwa ustadi, shingoni kuna michoro ya mistari, na baadhi ya vyungu vina kibonyeo chini, kama mtu amekandamiza kidole gumba kabla udongo haujakauka. Vyungu vya namna hiyo hiyo vimepatikana Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo tunapozungumza habari za watu hawa, tunazungumza habari za nchi nzima ya milima na miinuko inayozunguka Ziwa Viktoria upande wa magharibi, mahali penye mvua, misitu na ardhi nyekundu yenye chuma, kabla hakujawa na mpaka wa Mutukula wala wa Rusumo.

Hapo ndipo tunapoukuta upungufu wa kwanza wa ule ujumbe wa WhatsApp. Hakuna ajuaye watu wale walijiitaje. Kuwaita Wahaya ni kuwavisha jina lililokuja baadaye sana. Inawezekana kabisa damu yao imo ndani yetu, na katika jirani zetu Wanyambo, Waganda, Wanyarwanda na Warundi vilevile. Lakini hawakuacha vitambulisho.

Sasa tuje kwenye picha ya yule mzee anayevukuta, maana hiyo ina habari ya kweli na tamu.

Kuyeyusha chuma huku kwetu kulikoma mwanzoni mwa karne ya 20, majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa madukani kwa bei ambayo mhunzi wa kijijini hakuiweza. Omuhesi aliendelea kufua, lakini kwa vyuma vya kununua au vya kuokota. Ufundi wa tanuru ukalala. Mwaka 1976 Schmidt alirudi pamoja na mhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, Donald Avery, wakawaomba wazee waliowahi kuifanya kazi ile ujanani waifanye tena. Ilikuwa imepita miaka hamsini hivi. Wazee wakakubali, na walichokifanya kimeandikwa hatua kwa hatua.

Walichimba shimo la kina cha kama nusu mita, wakalipaka udongo wa kichuguu, ambao hauvunjiki kwa moto kirahisi. Ndani ya shimo wakachoma nyasi za bwawani mpaka zikawa mkaa mwepesi uliojaa. Juu yake wakajenga tanuru lenye umbo la pia iliyopinduliwa, urefu wa mita moja na nusu hivi, na matofali yake hawakuyafyatua: walitumia mabonge ya mavi ya chuma ya zamani yaliyozagaa mashambani, wakayaunganisha kwa udongo. Chini kuzunguka tanuru wakapitisha mirija minane ya udongo uliochomwa, na kila mrija ukawa na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Mirija haikuishia mlangoni. Iliingizwa ndani, katikati ya moto. Kisha wakamimina kwa zamu mkaa wa miti na mawe ya chuma yaliyokwisha kuchomwa na kupondwa, na vijana wakavukuta kwa saa nyingi huku wakiimba.

Mtu ambaye hajaona kazi hii hudhani chuma hutoka kimeyeyuka kama mafuta. Sivyo. Kinachoyeyuka ni uchafu. Unachuruzika na kuzama kwenye zile nyasi zilizoungua shimoni, na ndiyo maana ndugu yetu ameona alama za majani kwenye mawe yake. Chuma chenyewe hubaki katikati kama bonge zito lenye matundu, mfano wa sifongo. Hilo bonge ndilo linalopelekwa kwa mfua chuma, lipigwe, lipashwe tena moto, lipigwe, mpaka liwe jembe, mkuki au kisu.

Ndani ya tanuru lile Avery alipima joto lililozidi nyuzi 1,800 za Selisiasi. Na wanaakiolojia walipochimba karibu na Kemondo, pale ambapo leo wengi mnapajua kwa sababu ya bandari, walikuta mabaki ya matanuru kumi na matatu yanayofanana sana na lile la wazee, lakini yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Baadhi yalikuwa na tundu dogo katikati ya shimo, jambo ambalo mhandisi asingelielewa. Wazee walilielewa. Huko ndiko dawa za tanuru zilikowekwa, maana kwao tanuru lilikuwa kama mama mjamzito anayesubiri kujifungua chuma, na waliolihudumia walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe.

Schmidt na Avery walichapisha habari hizi katika jarida la Science mnamo Septemba 1978, na wiki hiyo hiyo gazeti la Time la Marekani likaandika habari za wafua chuma wa kale wa Afrika. Kwa hiyo wale wanaosambaza kwamba habari hii ilifichwa na Wazungu wamekosea kabisa. Iliandikwa na Wazungu, ikasomwa dunia nzima, miaka mingi kabla WhatsApp haijafika kijijini. Kama kuna mahali ilikofichika ni huku kwetu. Wangapi kati yetu tulifundishwa shuleni? Sisi tunaoandika hapa tumesoma shule ya msingi na sekondari katika mkoa huu, na jina la Katuruka tulilisikia tukiwa watu wazima.

Je, walitengeneza chuma cha pua? Ndiyo, kwa kiasi. Chuma cha pua ni chuma kilichonywa kaboni kidogo kutoka kwenye mkaa, na hiyo ndiyo inayokifanya kiwe kigumu na kishike makali. Bonge lililotoka kwenye matanuru haya halikuwa sawasawa kote: upande mmoja chuma laini, upande mwingine chuma cha pua. Fundi aliyejua kazi yake aliweza kuchagua.

Je, walikuwa wa kwanza duniani? Hapana. Nchi ambayo leo ni Uturuki ilikuwa ikitumia chuma zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Kristo. Hata hapa Afrika, kule Taruga nchini Nigeria kuna matanuru yanayokaribiana umri na ya kwetu. Na wanaosema Ulaya ilingoja karne ya 19 ndipo ijue chuma cha pua wanachanganya mambo. Kilichokuja wakati huo, kuanzia mtambo wa Bessemer mwaka 1856, ni njia ya kukitengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu. Panga za chuma cha pua zilikuwapo Ulaya, Uarabuni na India karne nyingi kabla ya hapo.

Kuna na jambo la ile mirija minane. Schmidt na Avery walidai kwamba mirija iliyoingizwa motoni iliipasha hewa joto kabla haijafika kwenye mkaa, na kwamba huo ni uvumbuzi ambao Ulaya iliufikia baadaye sana. Wataalamu wengine wa metali, J. E. Rehder mwaka 1986 na David Killick mwaka 1996, waliwapinga. Walisema udongo uliochomwa hupitisha joto polepole mno, hewa inapita mbio, na kwamba mkaa mzuri ukipata hewa ya kutosha unafika joto hilo hata bila kupasha hewa. Sisi si wataalamu wa kuamua kesi hiyo. Tunaona tu kwamba sifa ya wazee wetu haipotei yeyote akishinda. Kupata nyuzi 1,800 kwa udongo wa kichuguu, ngozi ya mbuzi na mikono ya vijana ni ufundi unaotosha kusimama wenyewe bila kubebwa na neno "wa kwanza".

Umri nao unabishaniwa, na hapa tunaomba uvumilivu kidogo kwa sababu ni jambo linaloeleweka vizuri na mkulima kuliko mtu wa mjini. Wataalamu hupima umri wa mkaa kwa kuangalia aina fulani ya kaboni ambayo mti huacha kuipokea unapokufa, ikaendelea kupungua kwa kasi inayojulikana. Lakini mti mkubwa haufi wote kwa pamoja. Kiini cha mvule wenye miaka 300 kiliacha kupokea kaboni mpya tangu mti ulipokuwa mdogo. Ukiukata leo, ukachoma mkaa, na mtu akapima kipande cha kiini, atakuambia moto wako uliwaka miaka 300 iliyopita. Vipimo vya zamani kabisa vya Katuruka vinafika kama miaka 500 au 600 kabla ya Kristo. Mwanaakiolojia Bernard Clist aliandika mwaka 1987 kwamba vipimo vya namna hiyo vya eneo la maziwa makuu vichukuliwe kwa tahadhari, na wengi leo wanajisikia salama zaidi wakisema karne za mwisho kabla ya Kristo na zile za kwanza baada yake. Ubishi wa namna hiyo hiyo upo kuhusu matanuru ya Rwanda na Burundi. Ukisema "zaidi ya miaka 2,000" hutakuwa umedanganya mtu.

Tumetaja mvule na mkaa. Hapo ndipo tunapoona habari hii inatugusa zaidi ya majivuno.

Tanuru moja hula mkaa mwingi, na mkaa huo ulitengenezwa kwa miti migumu iliyokatwa kwa shoka. Zidisha kwa karne kadhaa, ongeza mashamba yaliyofyekwa ili kulisha watu walioongezeka kwa sababu walikuwa na majembe. Schmidt na wenzake walipochunguza vipande vya mkaa katika matanuru ya Kemondo waliona mabadiliko: mwanzoni miti ya msituni, baadaye zaidi miti ya mahali palipokwisha kuwa wazi. Kufikia kama mwaka 600 baada ya Kristo shughuli za chuma katika eneo hilo zilikuwa zimepungua sana, na wao wanaamini kuisha kwa msitu na kuchoka kwa ardhi ni sehemu kubwa ya sababu.

Anayeishi Buhaya anajua tofauti ya kibanja na rweya. Kibanja ni migomba na kahawa, ardhi nyeusi iliyoneneshwa kwa samadi na majani ya kizazi baada ya kizazi. Ukitoka nje yake hatua chache unaingia rweya, nyasi tupu na ardhi maskini ambayo mvua imeichuja rutuba. Tumezoea kuitazama rweya kama kwamba Mungu aliiumba hivyo. Watafiti hawa wanatuambia kwamba baadhi ya nyasi zile zimesimama mahali palipokuwa msitu, na kwamba waliouondoa walikuwa watu wenye shoka na tanuru. Mtu akitupigia simu kwenye kipindi kusema kwamba magunia ya mkaa yanayopanda malori kila usiku hayana madhara kwa sababu miti huota yenyewe, huwa tunamkumbuka yule wa Kemondo. Naye pengine alisema hivyo hivyo.

Turudi kwenye shimo la choo.

Kagera sasa inachimbwa kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaingia Tanzania kwa kupitia mkoa wetu. Kule Ngara inazungumzwa nikeli ya Kabanga. Barabara zinapanuliwa. Watu wengi hudhani hatari kwa mabaki ya kale inatoka kwenye mitambo hiyo mikubwa. Sisi tuna mawazo tofauti kidogo. Miradi mikubwa inabanwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kufanya tathmini ya athari kabla ya kuanza, na anayefuatilia ana karatasi za kudai. Shimo la choo halina tathmini. Wala msingi wa nyumba, wala kisima, wala shimo la mgomba. Tumewahi kuona mavi ya chuma yaliyojazwa kwenye msingi wa nyumba kama kifusi, na mwenye nyumba akatueleza kwa furaha kuwa hayanyonyi maji. Kwa fundi ujenzi ni kweli. Kwa historia ni kama kuwasha moto kwa kurasa za kitabu kisicho na nakala nyingine.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu katika nchi hii kabla ya mwaka 1863. Hairuhusu kuvichimba kwa makusudi bila kibali, wala kuviuza au kuvisafirisha nje bila leseni, na aliyevikuta anatakiwa kutoa taarifa serikalini. Kwa mtu wa kijijini, taarifa hiyo huanzia kwa mtendaji wa kijiji, naye anaipeleka wilayani mpaka ifike kwa wahusika wa mambo ya kale au Makumbusho ya Taifa.

Tunajua kwa nini watu hawatoi taarifa, maana mmetuambia wenyewe mara nyingi kwa simu, mkiomba tusitaje majina: "Nikisema, watanichukulia shamba." Hofu hiyo si ya kijinga, na kuicheka hakusaidii. Sheria inampa waziri mamlaka ya kutangaza mahali kuwa eneo la kumbukumbu, na hilo hufanyika kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Kuripoti ndoo mbili za mavi ya chuma si tangazo. Hakuna shamba linalobadilika mwenyewe kwa sababu ya simu kwa mtendaji. Hata hivyo tunaona wanaosimamia urithi wa taifa wana deni la kuja vijijini kulieleza hili kwa mdomo wao, na kwa lugha ya mkutano wa kijiji, badala ya kutuachia sisi wa redio tukisie kwa niaba yao.

Katuruka wamejaribu njia yao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji walianza kukusanyika kuona namna ya kulinda na kuonyesha mahali pa Rugomora Mahe, na wakamtafuta Schmidt, ambaye sasa alikuwa profesa mwenye mvi, awasaidie. Alipoanza kuwauliza habari alizokuwa ameandika kutoka kwa babu zao, alikuta nyingi hazimo tena kijijini. Mnajua sababu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliondoa watu wa makamo ambao ndio wangepokea hadithi kwa wazee na kuwapa watoto. Mnyororo ulikatika katikati. Baadhi ya habari za Katuruka zilirudi Katuruka kutoka kwenye daftari la mgeni, na nyingine zilitoka kwa akina mama wazee, ambao miaka ya 1970 watafiti hawakuwauliza sana kwa sababu walidhani historia ni mali ya wanaume.

Redio nayo haina mikono safi hapa. Tumerekodi nyimbo za harusi, tumerekodi hotuba za viongozi mpaka kabati zimejaa. Mfua chuma mmoja mzee tuliyemwahidi kipindi tulimwahirisha mara mbili kwa sababu ya matangazo ya kulipiwa. Tulipopiga simu mara ya tatu, aliyepokea ni mjukuu wake, naye alikuwa msibani.

Kwa hiyo kama umekuta mawe meusi shambani, tunakuomba hivi. Usiyahamishe yote. Piga picha kwa simu yakiwa bado ardhini, weka jembe kando yake ili ukubwa uonekane, halafu piga nyingine kutoka mbali inayoonyesha nyumba au mti, ili mtu aweze kupajua mahali. Angalia kama kuna vipande vya mrija wa udongo, vyekundu upande mmoja na upande mwingine vimeungua vikawa kama kioo, au vigae vyenye michoro. Kipande kimoja kilicho mahali pake kinamweleza mtaalamu mengi kuliko gunia zima lililoletwa mlangoni, kwa sababu umri unapimwa kwa mkaa uliolala pamoja nacho, na kina cha udongo nacho kinasema. Mwambie mtendaji. Kama kuna mzee katika ukoo wenu anayejua mahali pale paliitwaje zamani, mrekodi leo kwa simu hiyo hiyo, kwa Kihaya chake, na usimkatize.

Ndugu yetu wa picha tatu tulimpigia juzi. Shimo amelifukia, choo amekihamishia upande wa pili wa nyumba, na mtendaji ameshaandika barua. Mawe aliyokuwa ameyatoa ameyarundika chini ya mwembe, ila matatu hayapo. Mama yake, mwenye umri wa miaka 81, ameyachukua kuwekea sufuria jikoni. Anasema hata mama yake yeye alipikia juu ya mawe ya namna hiyo, na kwamba huko nyuma ya nyumba palikuwa na jina ambalo halijatamkwa siku nyingi. Jumamosi tunakwenda na kinasa sauti.